Lakabu ndiyo iliyotufikisha kwa babu wa Malta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu msomaji aliyeandika kwamba kutafuta nasaba ni kazi ya wenye makaratasi, sisi watu wa pwani tumeshachelewa. Mimi ni mzaliwa wa Pangani, naishi Cardiff mwaka wa kumi na tisa sasa. Kwa miaka miwili nimemsaidia mke wangu kumtafuta baba wa bibi yake mzaa mama. Makaratasi tuliyapata tele, lakini kilichotufungulia mlango ni lakabu, yaani jina la utani la ukoo.

Kwao siku zote walisema mzee huyo alikuwa Mtaliano. Sensa ya Uingereza ya 1921 ilipofunguliwa mwezi Januari 2022, tulimkuta katika nyumba ya kupanga karibu na bandari: Joseph, miaka 35, mpishi wa meli, amezaliwa kisiwa cha Malta. Mama mkwe aliomba asomewe tena. Halafu tukapata kadi yake. Kuna kadi za mabaharia wa meli za biashara za Uingereza za mwaka 1918 hadi 1921, zimehifadhiwa katika mji wa Southampton, Uingereza, na nyingi zina picha. Kwenye yake imeandikwa urefu, rangi ya macho, na nanga iliyochorwa mkono wa kulia. Shati halina kola. Sikio la kushoto limechomoza vilevile kama la mwanangu wa pili. Picha ile tuliitazama hadi chai ikapoa.

Jina la ukoo sitalitaja, maana shangazi zake mke wangu wapo hai. Itoshe kusema ni miongoni mwa yale yaliyojaa kisiwa kizima, kama Borg, Vella, Camilleri au Zammit. Tulipofika Malta, tukakuta kina Joseph watatu wa ukoo huo, wote wa mji wa Bormla penye gati za kutengeneza meli, wamezaliwa katika miaka miwili ile ile, na baba zao wote ni Pawlu! Tena mtu huyo huyo kanisani ni Josephus kwa Kilatini, kwingine Giuseppe kwa Kiitaliano, nyumbani Ġużeppi. Sisi tungemwita Yusufu.

Mzee mmoja aliyekuwa akitusaidia akauliza, "Laqam yao ni ipi?" Mke wangu hakuelewa, mimi nilielewa papo hapo. Kimalta kimetokana na Kiarabu: bahari ni *baħar*, kitabu ni *ktieb*, tabibu ni *tabib*, na wakihesabu husema *sitta, sebgħa*. Koo zenye jina moja huko hutofautishwa kwa lakabu. Tulimpigia simu mama mkwe. Akakumbuka kwamba mama yake, akikasirika, alikuwa akisema "sisi ni talhobzi", na watoto wakidhani ni tusi.

Tulirudi kwenye rejesta. Mmoja kati ya wale Pawlu watatu ameandikiwa pembeni, kwa herufi ndogo zilizolala, *tal hobs*, yaani wa mkate. Walikuwa waoka mikate. Mke wangu aliweka kidole hewani juu ya neno lile, asiguse karatasi.

Kutoka hapo kazi ikawa nyepesi kidogo. Serikali ya huko imeandikisha vizazi, ndoa na vifo tangu 1863. Kabla ya hapo ni vitabu vya parokia tu. Siku nzima tulipoteza kutafuta ndoa ya wazazi wake Bormla, kumbe ndoa hufungwa parokia ya bibi harusi, na mama yake alikuwa mtu wa Żejtun. Kila ndoa inataja wazazi wa pande zote mbili, kwa hiyo unapanda ngazi hadi ngazi. Mbele ya jina la baba wa bwana harusi palikuwa na neno moja, *quondam*. Ni marehemu. Kijana alioa baba yake hayupo. Tumefika 1822, likizo ikaisha.

Sasa msomaji mwenzangu, nikuulize: lakabu za babu zako unazijua? Za kwetu hazimo katika rejesta yoyote, zimo vichwani mwa wazee wetu, na wanaondoka nazo. Nakuomba, Mhariri, utenge hata robo ukurasa kwa mwezi watu walete lakabu za koo zao na asili yake, pamoja na majina ya akina mama, maana sisi huhesabu baba tu. Na aliye na babu aliyefanya kazi katika meli za Uingereza miaka ile aulizie kadi za Southampton.

Mimi nimeanza. Jumapili mama amenitajia lakabu tatu kwa simu. Ya nne, ya upande wa bibi yake, anasema anayeijua ni mdogo wake aliyeko Muheza, na nauli ya kwenda huko nimeshamtumia.

Wako,
Mwana wa Pangani,
Cardiff, Wales