Ukuta wa jirani unapoziba njia ya maji

Ndugu Mhariri,

Mtaa wetu uko pembezoni mwa Jiji la Dodoma, na chini yake kuna bonde lenye mafunjo ambalo masika hugeuka kidimbwi. Tangu Serikali ihamie hapa, viwanja vya bondeni vinagombaniwa. Mwezi uliopita malori yalimwaga kifusi humo siku tatu mfululizo, ukuta ukainuka. Mvua ya kwanza tu, maji yalikosa njia yakaingia jikoni kwa bibi mmoja mjane. Nilimkuta amesimama juu ya kigoda, unga wake wote umelowa.

Tulipouliza, tukaambiwa ni "kazi ndogo ya mwenye nyumba". Ndogo kwa nani?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bwawa. Sheria hiyohiyo inazitambua kamati za mazingira hadi ngazi ya mtaa. Basi zitumike! Ukuta, choo cha shimo, kisima, hata kifusi, vipitiwe na kamati kabla ya kibali kutoka, na ombi libandikwe ubao wa matangazo wa ofisi ya mtaa wiki mbili, majirani walisome. Wazee wanaojua maji yalikopita zamani waende bondeni pamoja na afisa mipango miji. Ramani peke yake haimwonyeshi korongo lililokauka Agosti.

Msomaji wako,
Dodoma