Kipindi cha namba tasa kimesogezwa, someni tafadhali

Habari zenu wapendwa, poleni na majukumu. Kipindi kimetoka Ijumaa, sasa ni Jumamosi saa 2 usiku, hapahapa kwa kolu ya grupu, lisaa limoja tu.

1. Kila mtu aje amepiga 323, 397 na 1001, ipi ni tasa (yaani ina vigawanyo viwili tu, 1 na yenyewe) ipi sio, bila kalkuleta jamani. Unagawanya kwa namba tasa ndogondogo, 2, 3, 5, 7 unaendelea, ukifika ile ambayo ukiizidisha kwa yenyewe inapita namba yako unasimama. Mfano 211, 17 x 17 ni 289 imeshapita, so mwisho wako ni 13, na zote hadi hapo zinaacha baki, basi ni tasa. Ila 221 ni 13 x 17! Wengi wanaishia 7 na hapo ndo wanapokosea, nawaomba sana msiishie 7.

2. 1 sio tasa, ina kigawanyo kimoja tu.

3. Nahitaji wawili wa kutuelekeza hizo tatu, nani yuko tayari?

Andikeni NIPO au SIPO kabla ya Alhamisi jioni, hata kama utachelewa sema tu.