Albamu ya roki ianzie kwenye dramu

Mhariri,

Bendi ya roki hapa Nairobi ikipata kibao kinachopigwa redioni, mashabiki hudai albamu papo hapo. Bendi nayo hukimbilia studio yoyote yenye nafasi: nyimbo mbili Ngara, tatu South B, sauti zikamaliziwa chumbani kwa mtu. Albamu ikitoka, dramu za kila wimbo zinalia kivyake, na hapo ndipo inapoharibikia.

Kuna wanaotetea haraka hiyo kwa mfano wa Beatles, bendi ya Uingereza, waliorekodi nyimbo 10 za albamu yao ya kwanza kwa siku moja, tarehe 11 Februari 1963, mwezi mmoja tu baada ya kutoa singo ya "Please Please Me". Ni kweli. Lakini nyingi walikuwa wameshazipiga jukwaani mpaka zikawakaa vidoleni, na zote zilirekodiwa chumba kimoja.

Basi kodini studio moja siku mbili, mrekodi dramu na besi za albamu nzima. Ngozi mpya za dramu zifungwe siku iliyotangulia, kwa sababu zikianza kupigwa hulegea na sauti hushuka. Snea, ile dramu ndogo yenye mlio mkali, ikazwe upya kabla ya kila wimbo. Maikrofoni mbili zinazoning'inia juu ya dramu pimeni kwa uzi kutoka katikati ya snea. Moja ikiwa mbali kuliko nyingine, mawimbi ya sauti hayafiki pamoja, hupunguzana, na snea inakonda. Kuirudishia unono wake wakati wa kumiksi, yaani kuchanganya sauti, ni kazi ngumu. Magitaa na uimbaji vinaweza kumaliziwa kwingine, mradi faili zote za sauti ziwe za aina moja: WAV, za biti 24 na kilohezi 48, vipimo vya ubora wa rekodi. Faili ya kilohezi 44.1 ikisomwa kama ya 48, wimbo hukimbia na sauti hupanda.

Kibao chenyewe msikiingize jinsi kilivyotoka redioni. Sauti yake ilishasukumwa juu kabisa, nyimbo za jirani zitanyong'onyea. Mpeni fundi wa masteringi, anayesawazisha sauti za albamu nzima mwishoni, miksi yake ya awali pamoja na nyingine zote, vilele vya sauti vikiwa kama desibeli 6 chini ya kikomo. Maadamu rekodi ni ileile, ibaki na msimbo wake wa ISRC, namba ya kimataifa inayoitambulisha rekodi. Ikipewa mpya, huenda hesabu ya wasikilizaji ikaanzia sifuri. Mkirekodi upya, hapo ombeni msimbo mwingine.

Asilimia za utunzi, yaani fungu la kila mtunzi, ziandikwe na kusainiwa kabla hata dramu hazijafungwa.

Mafundi wa sauti,
Nairobi