Vipimo vya sketi ya duara havijali upana wa kitenge

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, lakini mimi limenigharimu kitenge. Kila kiangazi cha Desemba hadi Februari kinapokaribia, kurasa za mitindo, zikiwamo za gazeti lako, hutufundisha kushona sketi ya duara nyumbani, ile inayofunguka kama mwavuli mvaaji akigeuka, na ambayo kwa kweli hakuna vazi linalopitisha hewa vizuri kuliko hilo wakati wa joto. Karibu maelekezo yote niliyowahi kuyasoma huanza kwa namna moja: chukua meta 1 na nusu ya kitambaa, kikunje mara mbili zipatikane tabaka nne, kisha chora robo ya duara kutoka kwenye kona ya mkunjo. Upana wa kitambaa chenyewe hautajwi.

Mimi ni mkazi wa Jinja, na kwa miaka mingi nimejishonea nguo zangu na za wanangu kwa cherehani ya kukanyaga, ambayo nashukuru haina habari na umeme kukatika. Mwaka jana nilifuata maelekezo ya jarida moja neno kwa neno. Kiuno changu ni sentimeta 72 na urefu nilioutaka ulikuwa sentimeta 55 pamoja na upindo. Nilipoanza kuchora, chaki ilifika ukingoni kabla robo ya duara haijakamilika. Nikadhani nimekunja vibaya, nikakata hivyo hivyo. Nilipoifunua sketi juu ya mkeka, lilikuwa duara lililomegwa mbavu zote mbili, na nilipoijaribu mwilini, mbele na nyuma ilishuka vizuri ilhali kulia na kushoto ilipanda kwa sentimeta 9. Binti yangu aliniuliza, "Mama, hiyo ni sketi au ni aproni mbili?" Ni aibu kidogo kwa mtu wa mji wa Nytil, kiwanda cha nguo cha hapa Jinja, kusahau kupima upana wa nguo.

Kosa halikuwa kwenye mkunjo. Vitenge vingi tunavyonunua hapa kwetu vina upana wa inchi 45 au 46, yaani takriban sentimeta 115, na maelekezo yale yanamfikiria mtu mwenye kitambaa cha sentimeta 150. Nusu ya 115 ni 57.5, na ukiondoa sentimeta 11.5 za tundu la kiuno, unabakiwa na sketi ya sentimeta 46 ambayo upindo wake bado hujaukunja. Msichana ataifurahia. Mimi nina umri wa kufunika magoti.

Hizo sentimeta 11.5 nazo zinahitaji maelezo, kwa sababu hapo ndipo sketi nyingi za nyumbani huharibika. Mzunguko wa kiuno hugawanywa kwa 6.28 ili kupata umbali kutoka kwenye kona hadi kwenye mstari wa kiuno. Fundi aliyenifunza kazi alikuwa akigawanya kwa 6, kwa kuwa hesabu hiyo hufanyika kichwani bila karatasi, na kwa kiuno changu alikuwa akipata 12, tofauti inayoonekana si kitu. Lakini nusu sentimeta hiyo huongeza mzunguko kwa zaidi ya sentimeta 3, na ukisahau pia kwamba mshono wa mkanda utakula sentimeta 1 ya kitambaa, kiuno kitapanuka kwa sentimeta 6 nyingine, na sketi itakuteremka hadi nyongani mbele ya wageni. Kwa hiyo ninachora mstari wa kukata kwenye sentimeta 10.5 na kushona kwenye 11.5. Mara tu baada ya kukata, kabla sijainyanyua nguo mezani, napitisha mshono mmoja kuzunguka tundu lile, kwa maana ukingo uliokatwa hanamu, yaani mshazari wa nyuzi, huvutika hata kwa uzito wake wenyewe.

Dawa ya upana mdogo ni kuikata sketi vipande viwili, cha mbele na cha nyuma, kila kimoja nusu ya duara. Wengi hapa huvipanga vikifuatana kwenye ukingo mmoja wa kitenge, na kwa vipimo vyangu mpango huo hutaka sentimeta 266, huku ukanda mpana wa upande wa pili ukibaki bila kazi. Nilikata mifano ya karatasi kwa magazeti ya zamani, na likiwamo lako naomba radhi, nikaisukuma huku na huku mezani mpaka nikaona njia iliyo bora. Kipande cha mbele hulazwa upande wake ulionyooka ukielekea ukingo wa kushoto wa kitenge, cha nyuma kikaelekea ukingo wa kulia, kisha husogezwa mpaka tumbo la kimoja liingie penye nafasi iliyoachwa na mviringo wa kingine. Vikipishana hivyo, hata baada ya kuacha sentimeta 1.5 za mshono kwenye kila ukingo, vyote viwili hutumia kama sentimeta 205 tu. Yadi 2 na nusu zinatosha, na mwishoni kunabaki ukanda wa upana wa sentimeta 20 hivi unaotoa mkanda wa kiuno. Zipu ya inchi 8 hukaa kwenye mshono wa ubavuni.

Mpango huu una gharama yake, nami sitaki mtu anilaumu baadaye. Vipande hivyo viwili vimelala vikitazamana, kwa hiyo kitenge chenye ndege au taa zilizochorwa zikitazama upande mmoja kitakupa ndege walio wima mbele na waliosimama kwa vichwa nyuma, au wote wamelala ubavu, kutegemea mchoro ulivyopigwa. Chagua maua yaliyotawanyika, au madoa, ambayo hayana juu wala chini. Pia kifue kitenge na kukipiga pasi kabla ya kukata, maana kikiwa kipya kina wanga mwingi na hakijamaliza kurudi.

Jambo la mwisho linaloachwa nje ya kurasa za mitindo ni subira ya usiku mmoja. Katika sketi ya duara, nyuzi za mtande (za urefu wa kitambaa) na za mshindio (za upana wake) hazielekei sawa kila mahali, bali kuna sehemu nne ambako kitambaa huning'inia kwa hanamu, na hapo hurefuka. Ukikunja upindo siku hiyo hiyo, baada ya wiki mbili utaona sketi ina pembe nne zinazoshuka, na utamsingizia muuza kitenge. Itundike kwa mkanda wake hadi kesho yake, uivae, kisha mtu mwingine apime kutoka sakafuni kwa rula akizunguka, huku wewe umesimama bila kuinama kumwangalia. Upindo wenyewe uwe mwembamba, sentimeta 1 au pungufu, kwa sababu ukikunja sentimeta 5 kama za gauni la kawaida, ukingo unaoingia ndani unakuwa mrefu kuliko mahali unaposhonewa kwa zaidi ya sentimeta 31, na hakuna pasi itakayoyaficha marinda hayo.

Ombi langu, Mhariri, ni kwamba gazeti lako likichapisha tena vipimo vya sketi hii, litaje kwanza upana wa kitambaa kinachokusudiwa, na litoe hesabu ya yadi kwa kitenge cha inchi 45, ambacho ndicho tulicho nacho kabatini.

Ile sketi yangu iliyomegwa niliipunguza pande zote hadi zikalingana na mbavu zake, nikaitia lastiki kiunoni. Sasa anaivaa binti yule aliyenicheka.

Ni mimi msomaji wako,
Jinja, Uganda