Kilima kisichokuwepo

Birmingham, Jumapili usiku

Swahiba wangu Shomari,

Assalaam aleikum. Huku wazima, baridi tu ndiyo inatutafuna. Habari za kisima nimezipata, na picha ya maji ya kwanza nimemwonyesha kila mtu kazini. Hongera, fundi.

Sasa unanilaumu kwamba jana ulipiga simu mara tatu sikupokea. Nisamehe, nilikuwa Worcester, nimekwenda kutazama kilima ambacho hakipo. Usicheke kwanza.

Worcester ni mji wa kando ya mto Severn, kutoka hapa unafika kwa treni kabla hujamaliza kusinzia. Kusini mwa kanisa lao kuu palikuwa na ngome ya Wanorman, wale watu wa kaskazini mwa Ufaransa waliovuka bahari na William mwaka 1066 wakaitwaa Uingereza. Walikuwa wachache, wenyeji hawawataki, na ngome ya mawe haijengwi kwa siku mbili. Basi walikuja na ufundi ambao wewe utauelewa kuliko mimi: unachimba handaki la mviringo, udongo wote unautupa katikati na kuushindilia, hadi linainuka tuta kubwa, ndicho kilima chenyewe. Juu yake unasimamisha mnara wa mbao, na chini unazungushia ua wa boriti kwa ajili ya askari na farasi. Waandishi wa zamani wanasema huko York, mwaka 1069, William alikaa siku 8 tu, akaondoka akiacha ngome ya pili imeshasimama.

Kuna kitambaa cha tarizi cha karne hiyohiyo, urefu wake karibu mita 70, kinachoonyesha vita vyao vyote. Katika sehemu ya Hastings wamewatarizi vibarua wakijenga kilima cha namna hii, na wawili kati yao wameacha kazi, wanatwangana kwa makoleo. Nilicheka peke yangu. Nilikukumbuka wewe na yule msaidizi wako wa Muheza.

Wenyeji lakini hawakuwa na cha kuchekea. Kile kitabu cha hesabu ambacho William aliagiza kiandikwe mwaka 1086 kinataja nyumba 166 zilizoondolewa Lincoln kupisha ngome, 98 Norwich, 27 Cambridge. Pale Worcester walioguswa ni watawa wa lile kanisa kuu. Mjenzi alikuwa liwali wa mkoa, jina lake Urse d'Abetot, naye hakujali: handaki lake lilikata kipande cha makaburi yao. Watawa wakamwita Ealdred, askofu mkuu wa York, ambaye zamani alikuwa askofu wao. Ealdred alipofika akamuuliza liwali kama kweli kazi ile imefanyika kwa amri yake. Alipokubali, akamwambia usoni: unaitwa Urse, basi laana ya Mungu iwe juu yako. Kwa Kiingereza cha kale jina hilo na neno laana vinaingiana vina, kwa hiyo lilikuwa kama shairi la kumwapiza mtu, na watu walilishika. Mwandishi William wa Malmesbury alikuja kuliandika miaka hamsini na kitu baadaye. Akaeleza pia kwamba Ealdred alitabiri uzao wa Urse hautadumu kwenye ardhi ile. Kweli, mwanawe Roger aliua mtumishi wa mfalme, akafukuzwa nchini, mali ikaenda kwa mume wa dada yake. Sisi tungesema makaburi hayachezewi, tukaishia hapo.

Watawa walirudishiwa ua wa ngome mwaka 1217, mwaka mmoja baada ya mfalme John kuzikwa ndani ya kanisa hilohilo. Kilima kikabaki mpaka karne ya 19, ndipo watu wakaanza kukichota mpaka kikaisha. Leo ni eneo la shule. Nilisimama pale kwenye nyasi kama mtu aliyepotelewa na funguo.

Ila sikiliza hili, ndilo lililonifanya nishike kalamu. Walipokuwa wakikibomoa, ndani yake zilitoka sarafu za Kirumi. Mtu wa ofisini angesema upesi kwamba kilima ni cha Warumi. Wewe usingesema hivyo. Mji ule Warumi waliishi, walikuwa wakiyeyusha chuma, na mavi ya chuma yao bado yamejaa ardhini. Liwali alipochimba handaki alipita katikati ya takataka zao na kuzirusha juu. Udongo wa juu ulitangulia kutoka, ukalala chini ya tuta. Wa chini ukatoka mwisho, ukakaa kileleni. Zamani imepinduka kichwa chini miguu juu. Hao wanaakiolojia hawasomi tuta kama wanavyosoma ardhi iliyotulia.

Na tuta likishaondolewa, kinachowasaidia ni shimo. Handaki lililojaa halifutiki: udongo ulioingia baadaye ni laini, una unyevu, rangi yake nyeusi kuliko ule wa pembeni, na ukikata ukuta wa shimo unauona mstari wake wazi. Mti nao ukiozea ardhini huacha duara la udongo mweusi. Huko Abinger, Surrey, ambako kilima bado kipo, mwaka 1949 walifukua kilele chake wakakuta maduara hayo yamejipanga, alama za nguzo za mnara na za ua. Mbao zenyewe hazipo tangu enzi hizo.

Kinachoniuma ni habari ya Skipsea, Yorkshire. Kila mtu alijua kile ni kilima cha Wanorman. Mwaka 2016 wakatoboa kwa bomba jembamba, kama mnavyopima udongo kabla ya kuchimba, wakatoa sampuli kutoka ndani. Kikakutwa kimeinuliwa karibu miaka 1,500 kabla ya Wanorman, wao walikikuta wakajenga juu. Cha Worcester nadhani kilikuwa cha liwali kweli, lakini hakitatobolewa tena. Swali lake lilibebwa na mikokoteni.

Sasa nina ombi. Uliniandikia kwamba mlipofika futi ya pili vilitoka vigae vya vyungu, mkavitupa pamoja na udongo. Kwa hesabu yangu vitakuwa chini kabisa ya lile rundo lenu pembeni ya kisima. Mwenye shamba akitaka kulisambaza, mwambie asubiri, kisha anzeni kulichota taratibu upande wa chini. Vikipatikana, viweke kwenye kopo, nitavitazama Desemba inshaallah.

Nisalimie Bi Mkubwa, mwambie mafuta ya karafuu yamefika salama.

Wasalaam,
Rafiki yako wa siku zote