Runinga yenye deki ndani: muuzaji atueleze tunachonunua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yenu ya barua nizungumzie runinga ambazo bado zimejaa katika maduka ya vifaa vilivyotumika, yaani zile zenye deki ya DVD ndani yake, ambazo diski huingizwa kupitia upenyo mwembamba ulio ubavuni au nyuma ya kioo. Wengi wetu huzinunua kwa kushawishiwa na ahadi ya muuzaji kwamba tutaepukana na nyaya na hatutahangaika kutafuta mahali pa kuweka kifaa cha pili. Mimi ninayo moja nyumbani, na sina nia ya kuzikashifu. Ninachosema ni kwamba mnunuzi huuziwa vifaa viwili kwa bei moja, akaelezwa habari za kioo peke yake, na habari za deki akaachiwa azigundue mwenyewe.

Kwa haki, zipo nyumba ambazo runinga ya aina hii inazifaa kuliko nyingine yoyote. Baadhi ya zile ndogo, za kati ya inchi 19 na 24, zinazotoka Ulaya, zilitengenezwa zitumike hata ndani ya magari ya kusafiria na boti, kwa hiyo hupokea umeme wa volti 12 kupitia adapta ya nje. Mtu wa kijijini mwenye paneli ya sola na betri anaweza kuiunganisha kwa waya unaofaa bila kununua inveta, akaangalia picha na kucheza diski kwa kifaa kimoja kinachokula umeme kidogo. Ajabu ni kwamba sifa hii, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kubwa kuliko zote, sijamsikia muuzaji akiitaja. Mara nyingi adapta yenyewe huwa imepotea njiani, na mnunuzi hukabidhiwa nyingine isiyolingana nayo.

Tatizo linaanzia kwenye maumbile ya vitu vilivyounganishwa. Kioo cha runinga hakina kitu kinachozunguka. Kikitunzwa hudumu miaka mingi, na taa zake za ndani zikiungua mafundi wetu wanajua kuzibadilisha. Deki, kwa upande wake, ina mota, ina vigurudumu vya mpira vinavyoivuta diski, na ina jicho la leza ambalo likishika vumbi kidogo tu huandika kwenye kioo kwamba hakuna diski, ilhali diski imo ndani. Hapa Tanga, kwa upepo huu wa bahari na vumbi la kiangazi, jicho halichukui muda mrefu kufifia. Deki ya kawaida ikifikia hali hiyo, fundi hufungua skrubu chache, akalifuta jicho kwa pamba na spiriti, kazi ikaisha. Deki iliyo ndani ya runinga humlazimu kuishusha runinga yote ukutani, kuilaza kifudifudi juu ya blanketi kioo kisichubuke, na kufungua mgongo, mahali ambapo upo pia mfumo wa umeme unaoweza kubakiza zaidi ya volti 300 hata baada ya plagi kuchomolewa. Ndiyo maana fundi mwaminifu hudai malipo makubwa au huikataa kazi, na asiye mwaminifu huipokea.

Diski ya harusi ya binti yangu ilinasa humo ndani. Niliporudi dukani nikiwa na karatasi yangu ya waranti, nilijibiwa kwamba waranti inahusu kioo na haihusu deki, ingawa karatasi ile haikuandikwa neno lolote la kutenganisha viwili hivyo. Fundi wa mtaani aliitoa diski ikiwa na mikwaruzo ya duara, na tangu hapo nimeweka deki ya pembeni, yenye nyaya zake, chini ya runinga niliyoinunua ili niepukane na nyaya. Wenye wajukuu nao wajue kwamba kwa mtoto upenyo ule ni kibubu, na sarafu haitoki kwa kubonyeza kitufe.

Lipo pia suala la rimoti. Rimoti yake halisi ikipotea, zile za kuokoteza sokoni huwasha na kuzima, huongeza sauti na kubadili chaneli, lakini nyingi hazina vitufe vya kuiongoza deki. Kwa kuwa vitufe vilivyo kwenye mwili wa runinga yenyewe ni vichache, diski inayofungua kwa orodha ya kuchagua hubaki imeganda kwenye orodha hiyo.

Jambo linalofichika zaidi ni mgawanyo wa kanda. Watengenezaji wa filamu waliigawa dunia ili diski halali ya sehemu moja isichezwe na deki ya sehemu nyingine: Marekani na Kanada ni kanda ya 1, Ulaya Magharibi ni kanda ya 2, na Tanzania pamoja na sehemu kubwa ya Afrika ni kanda ya 5. Runinga iliyoletwa kutoka Uingereza huja na kufuli la kanda ya 2. Dukani hujaribiwa kwa diski ya kwaya, ya taarabu au ya filamu ya hapa nyumbani, ambazo kwa kawaida hazina kufuli lolote, na mnunuzi huondoka ameridhika, mpaka siku atakapotumiwa diski halali na nduguye aliye Marekani, deki ikamkatalia.

Na hata ile ahadi ya kifaa kimoja ilikwisha kupungua thamani tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa, Dar es Salaam ikitangulia tarehe 31 Desemba 2012. Runinga nyingi za mitumba haziwezi peke yake kufungua matangazo tunayolipia, hivyo king'amuzi ni lazima, na king'amuzi nacho kina waya wake, adapta yake na rimoti yake.

Najua wapo watakaouliza kwa nini nihangaike na diski katika zama za simu na flashi. Jibu langu ni kwamba harusi, maulidi, mahafali na mazishi ya familia nyingi kwa miaka mingi yalihifadhiwa kwenye diski, na nyingi kati ya hizo zilichomwa kwenye kompyuta za studio za mitaani, na rangi inayobeba kumbukumbu kwenye diski za aina hiyo hufifia kadiri miaka inavyopita. Mwenye nazo azinakili mapema kwenye flashi, na ahifadhi nakala zaidi ya moja. Hata hivyo kunakili kunahitaji deki nzima au kompyuta yenye sehemu ya diski, na kompyuta mpya nyingi siku hizi hazina.

Kwa hiyo naziomba mamlaka zinazohusika, Shirika la Viwango Tanzania na Tume ya Ushindani, ziwatake wauzaji wa runinga hizi, mpya na zilizotumika, wabandike juu ya kila moja maelezo kwa Kiswahili yanayotaja kanda ya deki, volti inazotumia, aina ya mawimbi inayopokea bila king'amuzi, na kama waranti inaigusa deki au la. Muuzaji asiyejua majibu hayo aandike kwamba deki inauzwa bila dhamana, na bei ishuke kulingana na hilo.

Mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga.