Barua kwa mwanangu: Kijana wa Wimbe hakuiacha skuli

Mwanangu Haroub,

Assalaam alaykum. Sisi hapa Wete tu wazima, Alhamdulillahi, isipokuwa goti la mama yako bado linamsumbua anapopanda ngazi. Kitabu ulichonipelekea kwa mkono wa mjomba wako nimekisoma chote, na filamu uliyoitia katika flashi tumeitazama pamoja na wadogo zako. The Boy Who Harnessed the Wind, kisa cha William Kamkwamba, kijana wa Malawi aliyejitengenezea kinu cha upepo cha umeme, ni kitabu kilichosifiwa tangu kilipotoka mwaka 2009, nami nilikuwa sina haja nacho. Lakini uliponiambia kwa simu kwamba unataka kuiacha Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia ukiwa mwaka wa pili, uende ukafunge sola na wenzako, kisha ukanitajia kijana huyo kuwa ndiye ushahidi wako, nilikaa nikakisoma kwa kalamu mkononi.

Ulisema kwamba William Kamkwamba aliwasha taa bila ya skuli. Soma tena, mwanangu. Hakuiacha skuli, alitolewa kwa kukosa ada. Malawi ilipatwa na njaa mwaka 2001 na 2002, mafuriko yakafuatiwa na ukame huku akiba ya mahindi ya taifa imeshauzwa, na baba yake hakuwa na cha kuwalisha watoto, seuze ada ya sekondari. Kijana alikuwa na miaka 14. Alijipenyeza darasani bila ya kulipa mpaka akagundulika, na alipokosa njia kabisa ndipo akaenda katika maktaba ndogo ya skuli ya msingi ya Wimbe, asiachwe nyuma na wenzake, akakikuta kile kitabu cha sayansi chenye vinu vya upepo juu ya jalada. Mtu huyo alikuwa akiililia skuli. Wewe ada yako imelipwa, kitanda chako kipo, walimu wako wapo, na unataka kutoka kwa miguu yako mwenyewe.

Nadhani filamu ndiyo iliyokupoteza. Mle kinu kinasimama, maji yanatoka, na kijiji kinaokoka na njaa, kila kitu kwa pamoja. Kitabuni si hivyo. Kinu cha mwanzo kiliwasha taa ndogo chumbani mwake, majirani wakaja kuchaji simu, na njaa yenyewe ilikuwa imekwishapita kwa mavuno. Pampu ya maji ilikuja miaka ya baadaye. Simlaumu Chiwetel Ejiofor, aliyeiongoza filamu hiyo ya mwaka 2019 na kuigiza nafasi ya baba, kwani hadithi ya miaka mingi haienei katika saa mbili, na nimefurahi sana kwamba amewaacha watu wale wazungumze Kichewa chao. Hata hivyo miaka iliyoachwa nje ndiyo miaka ninayotaka uisome. Habari zake zilipoandikwa gazetini mwaka 2006, na mwaka 2007 akaitwa Arusha, hapa hapa nchini kwetu, asimame mbele ya wageni wa dunia nzima, alifanya nini? Alirudi sekondari, akakaa na watoto aliowazidi umri, kisha akaenda kusoma Johannesburg, na mwaka 2014 akamaliza Chuo cha Dartmouth kule Marekani. Tayari watu walikuwa wanampigia makofi, na bado alirudi darasani. Ukurasa huo nimeupigia mstari. Utanisamehe kwa kukichora kitabu chako.

Jengine ni yule baba. Katika filamu anagombana na mwanawe kwa sababu ya baiskeli nzima wanayoitegemea, ambayo kijana anaitaka kwa kujengea kinu, mpaka mtu anaona uchungu kutazama. Kitabuni baiskeli ilikuwa mbovu, imeliwa na kutu, na baba aliitoa baada ya kubembelezwa. Wakati wa kisa hicho mama yako alinitazama nami nikanyamaza. Habari ya redio ya marehemu babu yako unaijua, siirudii hapa.

Sidharau kazi ya mikono yako. Taa uliyomfungia bibi yako inawaka mpaka leo, na kila mgeni anayeingia anaambiwa ni ya Haroub. Wala sidharau umeme, mimi niliyeishi Pemba ya majenereta ya Wesha kabla ya waya wa chini ya bahari kutufikia kutoka Tanga mwaka 2010. Fungeni sola siku za mapumziko. Andikeni mapatano yenu katika karatasi, kila mmoja atie saini. Uwaangalie pia hao wenzako: Gilbert, rafiki wa William, alipoona dainamo ya kuzalishia umeme wa kinu inauzwa njiani alitoa pesa zake mwenyewe mfukoni akamnunulia. Katika filamu hilo limebadilishwa, dainamo inatoka kwa mwalimu aliyetoroka na dada yake William, na mimi naona wamempunja Gilbert. Nani kati ya wenzako atakutolea pesa yake? Hukunijibu nilipokuuliza.

Ila mtihani wa muhula huu usiuache. Nakwambia mara nyingine, na nitakwambia tena ukipiga simu.

Karafuu za vuli zimeanza kuwiva upande wa bonde, lakini wachumaji ni wachache na jua halishiki, majamvi tunayaanika na kuyakunja mara kwa mara kwa ajili ya mvua. Zikikauka na kupimwa kituoni, ada ya muhula ujao nitaitoa humo kabla ya kitu chochote, hata kabla ya bati za jikoni ambazo mama yako anazidai tangu mwaka jana. Kitabu chako kimo katika kabati, mdogo wako Asha amekishika sasa. Mama yako anataka dawa ya kuchulia ile ya mara ya mwisho, aliyoinunua Darajani. Mpe mjomba wako akirudi na boti ya Jumamosi, pamoja na majibu yako kwa maandishi, si kwa simu.

Baba yako